Saa Moja Zaidi

"Naomba kutoa hoja," alisema Mheshimiwa Mshindo, "kwamba kuanzia leo Bunge liahirishwe saa moja usiku badala ya saa kumi na mbili jioni."

Ukumbi ukaguna. Wengi walikwisha kufunga mikoba. Jirani yake wa kiti, Bi. Zamoyoni, aliinuka nusu ili hoja isikose wa kuiunga mkono, kisha akaketi upesi.

"Watu tuna familia!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na meza zikapigwa kwa nguvu.

Spika akatazama saa ya ukutani. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," alisema Mshindo, peke yake.

"Wasioafiki?"

"Siyooo!"

Wabunge wakamiminika nje wakicheka. Bi. Zamoyoni akamgusa begani. "Wewe nawe, Mheshimiwa! Saa moja zaidi ya nini? Nenda nyumbani bwana, ukamsalimie mkeo, Bi. Mgeni..."

Akajiziba mdomo. Mazikoni kwa Bi. Mgeni alikuwepo, tena alilia kuliko wengi.

"Zimefika," alijibu Mshindo, kama alivyozoea kujibu.

Alipobaki peke yake aliona taa nyekundu ya maikrofoni yake bado inawaka. Akainama karibu nayo, akasema polepole, kama alivyokuwa akisema kila jioni mlangoni kwake:

"Hodi."

Vipaza sauti vya pembe zote vikalipokea neno lile, vikamrudishia lilelile.