Seli ya Bi Mize

Mlango wa seli husoma damu, na haumtoi mtu kwenda kwa jaji mpaka ndugu yake wa damu aingie kumshikia nafasi. Mke hahesabiwi. Kwa hiyo Mahakama ya Shirikisho ilipoamuru Kombo aletwe asikilizwe, aliyeingia ni mama yake, Bi Mize, na kanga zake na dawa zake za presha.

Jaji alisema Kombo alishikiliwa kinyume cha sheria, akamwachia. Kombo akarudi nyumbani. Bi Mize akabaki, maana mlango haujui hukumu, unajua damu tu.

Leo jioni Raya, mke wa Kombo, alikuwa sebuleni akimsuka binti yao Salha, wakili alipopiga simu. Kombo akaiweka kwenye spika.

"Maombi ya mama yamekubaliwa. Jaji anataka aletwe kesho. Nani atamshikia nafasi?"

"Mimi."

"Aliyekwisha kuachiwa, mlango haumpokei tena. Hana mtoto mwingine?"

"Niko peke yangu."

"Mjukuu je?"

Kombo akakata simu bila kuaga. 

"Dawa zake zitakuwa zimeshaisha," alisema.

Raya aliendelea kusuka.

"Salha," Kombo akaita kwa upole, "umemkumbuka bibi?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Ungependa kwenda kumwona?"

"Mama," Salha akasema, "unanivuta nywele."