Chini ya Mkongo

Pingili za muhogo zilikuwa zimeng'olewa tena.

Si zote. Zilizong'olewa ni za chini ya ule mti wa mkongo tu, zikalazwa kivulini na kufunikwa majani mabichi zisikauke. Nguruwe hafuniki mbegu ya mtu, wala mwizi.

Mwinshehe hakuogopa mapepo, au ndivyo alivyopenda kujigamba barazani. Wazee wa Kiwangwa hawakuwahi kuugusa msitu ule wenye mkongo, wakisema una mapepo. Yeye aliingia na shoka, maana shamba lake la zamani lilishikwa na ugonjwa wa majani, na binti yake Zaina alikuwa akishinda na uji mwepesi. Zaina ndiye mtoto pekee waliyejaliwa yeye na mkewe, baada ya mimba mbili kuharibika. Hayo yalikuwa mambo ya kike. Mwinshehe hakuuliza mengi.

Mwaija, mkewe, alikuwa na shauri lake. "Baba Zaina, msitu tuuache. Dada wa Miono kanipa mbegu ya muhogo mchungu, haushikwi na ugonjwa. Tuchanganye na kunde na mtama kule kule shamba la zamani."

"Udongo wa kule umechoka. Mtoto atakula nini?"

"Basi fyeka kwingine. Chini ya mkongo paache."

"Na wewe unaogopa mapepo?"

Mwaija akaendelea kupepeta mtama.

Mwinshehe akapanda upya. Asubuhi pingili zilikuwa zimeng'olewa, na safari hii mwili ulimsisimka: palikuwa pamefagiliwa vizuri, kama uani kwa mtu. Akasoma Ayatul Kursi kwa sauti, na sauti yenyewe ikamtisha.

Akazipanda tena, na siku iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, alijibanza kichakani na panga lake. Akaja mtu aliyejitanda kaniki gubigubi. Akapiga magoti, akaanza kung'oa pingili moja moja, huku akinong'ona kama anayebembeleza.

Mwinshehe akamjua kwa sauti. Hofu ikageuka hasira, akatoka mbio.

"Kumbe ni wewe! Unataka Zaina afe kwa njaa?"

"Sikukatazi kupanda, baba Zaina," Mwaija alisema bila kuinuka. "Lakini muhogo ukikomaa utakuja na jembe kuuchimba."

"Sasa je?"

Mwaija akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili, akausogeza kando polepole.

"Umemkanyaga mwanao wa kwanza."