Picha Moja kwa Ajili ya Gazeti

"Mkono huo ufiche nyuma, dada," mwandishi alisema, jicho kwenye kamera. "Halafu cheka kidogo. Nyumbani wanataka kuiona neema ya Dubai."

Rosina hakucheka. Kidonda cha mkononi kilikuwa bado kibichi, tena kilikuwa na umbo la pasi yenyewe, ncha imeelekea vidoleni.

"Nimekwambia madam wa nyumba hii ndiye aliyeniunguza. Mbona huandiki?"

"Habari nimeshaiandika kwenye ndege. Imebaki picha tu."

Wakala wa kuleta wafanyakazi wa ndani, aliyemkatia mwandishi tiketi kutoka Dar na kumlaza hotelini, akacheka pale getini. "Yalla, fanya haraka, Rosina, usituchoshe. Mdogo wako akikuona gazetini, wiki ijayo anapanda ndege moyo mweupe."

Kila Rosina alipompigia mdogo wake simu kumsihi asije, jibu lilikuwa lilelile: "Dada, wivu tu huo. Mbona magazeti hayasemi hivyo?"

Akanyoosha mkono uleule wenye kidonda. "Kaka, hebu niishike hiyo kamera."

Mwandishi akampa huku akitabasamu, akidhani dada wa watu anaionea ajabu.

Rosina akabonyeza pembeni. Kifuniko cha nyuma kikafunguka. Akaingiza vidole, akauvuta mkanda wa picha nje, ukamwagika mrefu na mweusi kwenye jua kali lililouharibu wote.

"We mwendawazimu!" wakala akafoka, akimjia mbio.

Ndani, madam akauliza kwa sauti kelele hizo ni za nini.

Rosina akaendelea kuvuta.