Fahali wa Msibani

Daktari wa mifugo alipitisha kiganja chini ya tumbo la fahali, akakitoa kimejaa mavi mabichi.

"Huyu hachinjwi," alisema. "Aoshwe kwanza."

Msimamizi wa machinjio alitazama saa ya ukutani. Daktari huyu hakuwa amemaliza miezi miwili hapo, na hakuna aliyejua hata anakoishi. Mlangoni alisimama mwanamume mnene aliyemleta fahali, macho mekundu, kamba bado mkononi.

"Tunazika saa tisa, Daktari," alisema taratibu. "Watu wameanza kujaa nyumbani."

"Najua."

"Marehemu ni nani?" msimamizi aliuliza.

Mwanamume alisita. "Mtoto wa kike. Miaka sita. Alikula nyama, akaharisha damu siku nne, kisha figo zikagoma."

Msimamizi alimvuta daktari pembeni. "Mwonee huruma mwenzio. Na leo hata si zamu yako, nani kakuita?"

Daktari alikunja mikono ya shati lake jeupe la kutokea, akachukua brashi. Alisugua kwato, mapaja, tumbo, mkia. Maji ya kijani yakatiririka mferejini. Brashi ilimponyoka mara mbili.

"Bakteria hukaa hapa," alisema, kana kwamba anamwambia fahali. "Kisu kikipita kwenye uchafu huu, kinaingia nao kwenye nyama. Na ng'ombe mwenyewe wala haugui."

Fahali alipochinjwa, daktari hakubanduka. Ngozi isiguse nyama. Utumbo ufungwe kamba kabla ya kutolewa. Visu vichovywe kwenye maji ya moto. Mchinjaji, mtu wa miaka ishirini kazini, alinung'unika kwamba leo anafundishwa kutembea. Lakini alitii.

Saa sita nyama ilikuwa imetundikwa, haina hata doa.

Msimamizi alimwendea yule mwanamume mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Tumekuchelewesha siku kama ya leo. Msamehe huyu daktari wetu. Uchungu wa mtoto haujui."

Mwanamume alitazama bombani, ambako daktari alikuwa akinawa mikono kwa mara ya tatu, maji yakimwagika tu.

"Mimi ni jirani," alisema. "Baba wa mtoto ndiye huyo."