Lebo ya Ini la Panya

"Waruguru, umeona?" Daktari alishangilia, akigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Jeni za ini la panya na za ini la mtu zinafanya kazi sawasawa, kama mapacha! Natuma matokeo saa hii."

Waruguru alitazama mkono wake. Alikuwa ameshika kichupa cha ini la panya, na lebo yake ilikuwa inabanduka polepole chini ya kidole gumba.

Wiki mbili zilizopita, stima ilipopotea katika maabara yao ya Ruiru, ni yeye aliyekimbiza vichupa hadi maabara ya Thika ndani ya ndoo ya barafu ya muuza samaki. Lebo zililowa, zikatoka. Akazibandika upya kwa kubahatisha, na hakumwambia mtu.

Sasa gundi iliachia kabisa. Chini yake, kwenye kichupa chenyewe, kwa wino uliofifia ambao siku ile hakuuona, nesi aliyechukua sampuli alikuwa ameandika: Mama, miaka 52.

Hakuna panya wa miaka hamsini na miwili.

"Ngai, Mungu wangu," alinong'ona, akayafunika yale maandishi kwa kidole.

Daktari aligeuka, mkono wake ukiwa juu ya kitufe. "Una neno, ama nitume?"

Kidole cha Waruguru kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi ya kichupa.

Akakiinua kidole, maandishi yakabaki wazi mbele ya Daktari.