Taa ya Friji ya Tatu

"Namutebi, wewe hata kulia hulii?" jirani yake alimuuliza waliporudi kutoka makaburini kumzika mumewe. Mumewe alicheza ngoma barabarani siku ya uhuru wa nchi yao. Vita vipya vikamuua katika soko la Malakia. Namutebi alimgeuzia mgongo. Alifunga mlango wake, na tangu hapo hawajasemezana.

Leo jenereta ya zahanati ilitoa umeme mwingi ghafla. Kwenye kipimo cha joto la friji za chanjo, anazozitunza yeye, taa ya friji ya tatu ikazimika.

"Imekufa, fundi?" Namutebi alimuuliza fundi wa umeme aliyeitwa kuiangalia.

"Usiizike bado, mama." Fundi alimwonyesha kidude cheusi, kidogo kama harage. "Nyaya zote zinapita humu. Umeme ukizidi kwenye waya mmoja, kinaufunga huo tu ili kisiungue, zingine zinaendelea. Umeme ukitulia, kinaufungua chenyewe."

Akatoka kwenda kuituliza jenereta. Namutebi alibaki peke yake, kidole juu ya ile taa, akinong'ona Baba Yetu.

Mwanga wa kijani ukachomoza kando ya kidole. Chozi likadondoka juu yake, kisha lingine.

"Si nilikuambia, mama?" fundi alicheka mlangoni.

Namutebi alivua aproni, akampita, akashika njia ya kwenda kwa jirani.