Mistari ya Msusi

Vidole vya jirani yangu viligoma katikati ya kichwa cha mteja. Niliona kupitia dirisha, maana saluni zetu zinatazamana na mimi humchungulia kila siku. Ushindani ni ushindani.

Baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha viungo hadi kitana kikamponyoka. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ya shule kwenye benchi, akakiokota. Baba wa binti huyo hayupo, na mwenye nyumba hasubiri mtu apone.

Nikavuka barabara, nikasimama nyuma ya kiti.

"Umekuja kunihurumia?" akauliza.

"Nikuhurumie wewe, uliyeninyang'anya wateja? Shika kitana, dada. Mistari yangu hupinda, mtaa mzima unajua. Wewe gawa nywele, mimi nisuke."

Mteja akacheka. Jirani yangu hakucheka. Akakipokea kitana kutoka kwa binti yake kwa viganja viwili, kama mtu ashikaye mpini wa jembe, akakishusha polepole kutoka utosini hadi kisogoni. Mstari ukanyooka kama uzi.

Nikaanza kusuka.

"Kesho uwahi," akasema. "Na usivute hivyo. Wateja wangu hawajazoea kuumizwa."